Mitambo Tuliyoisomea Dua

Niseme mapema, asije mtu akadhani ni wivu: hoja ya wifi yangu ilikuwa nzuri. Nimeipekua kwa hasira, nikaja nikaipekua kwa utulivu, sikuona pa kuishikia. Ningekuwa mimi bosi ningeipitisha chai haijapoa. Na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu akikudhulumu kwa uongo mtupu una pa kumkamatia. Huyu kanidhulumu kwa jambo la kweli, tena mimi mwenyewe ndiye niliyemsaidia kulisuka.

Nilikuwa fundi wa mitambo ya simu, kituo cha Bagamoyo. Jengo letu lilikuwa dogo, jeupe, limezungushiwa uzio wa waya, watu wakipita wanadhani ni ofisi ya maji. Ndani mlikuwa na chumba kimoja chenye baridi ya kukausha midomo, na humo ndimo simu za ukanda wetu zilimounganishwa, kuanzia Zinga huku njia ya Dar mpaka Mkange kule karibu na Saadani, na upande wa bara mpaka Fukayosi. Mwanamke wa Fukayosi akimpigia mwanawe aliyeoa Mkange, sauti yake ilipita chumbani mwangu kwanza. Nilikuwa nikivaa sweta kazini na kanga juu yake, na nikitoka nje nalivua mlangoni maana joto la Bagamoyo mnalijua. Nilikipenda chumba kile, sioni haya kusema.

Nyumbani nilikuwa na mama. Baba alishatangulia mbele ya haki, na tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu aliyeko Dar. Mama macho yake yaliharibika kwa presha ya macho, yakaondoka taratibu, la kushoto kwanza, kisha la kulia, mpaka ikawa anaona mwanga wa mlangoni tu. Lakini ndani ya nyumba yake humwambii kitu. Anajua kopo la chumvi lilipo, anajua kizingiti kilichopasuka, anakwenda uani kutia udhu bila kushikwa mkono. Mtoe humo umpeleke penginepo, nilikuwa nikijiambia, utakuwa umempofua mara ya pili. Kampuni ilinitaka Dar kwa cheo, nikakataa. Ikanitaka Dodoma, nikakataa. Wenzangu wakaniona mjinga. Ndoa yangu ilishavunjika zamani, na haimo katika habari hii. Nilichokuwa nacho ni mama na kile chumba cha baridi. Kituo kikiwepo, naishi na mama. Kikifungwa, ama nimwache mama ama niache kazi. Ndiyo hivyo tu, sikuwa na mengine ya kuogopa.

Sasa wifi. Huyu nimemleta nyumbani kwa mikono yangu. Tulisoma pamoja chuo, Dar, tukalala kitanda kimoja katika chumba cha kupanga, tukapikia jiko moja la mafuta ya taa, nguo zake navaa mimi, zangu anavaa yeye. Kwao ni Pangani, watu wa heshima zao. Sikukuu moja basi la kwao lilimwacha, nikamwambia acha kulia, twende kwetu. Kaka yangu akamkuta uani anakuna nazi, basi, kwisha habari yake. Kwenye harusi yao nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Nikamwambia, "Shoga, leo umekuwa wifi, sasa jiandae, nitakusema mpaka uchoke." Naye akanijibu, "Sema wifi, mdomo mali yako."

Tukawa hivyo miaka yote, matani juu ya matani, na siri baina yetu hakuna. Mimi nilibaki fundi wa kituo. Yeye akapanda, akaingia idara ya mipango makao makuu. Nilijivuna naye, wallahi. Tena alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano, kila siku baada ya alasiri, mimi nikiwa bado kazini, anampigia mama kumjulia hali. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa lingine lolote.

Mwezi wa Shaabani walikuja, yeye na kaka, mwisho wa wiki. Baada ya chakula cha mchana kaka akaenda barazani kuongea na watu, sisi wanawake tukabaki ndani mkekani, mama katikati.

"Wifi," akaanza, "masanduku yako yamezeeka."

"Kama wewe," nikamwambia.

Mama akacheka. Wifi naye akacheka, lakini nikaona leo kaja na lake.

Masanduku aliyoyasema ni mitambo yenyewe. Kila sanduku lilikuwa na kazi yake: moja linamtambua mwenye simu, moja linaunganisha maongezi, moja linapitisha intaneti, na hakuna linaloweza kazi ya mwenziwe hata ulipigie magoti. Yote yanatoka kwa mtengenezaji mmoja ng'ambo, na kadi ikiungua ndani yake huwezi kutia ya mwingine. Unaagiza, unangoja, na huku watu wanakutukana mpaka sokoni. Alichokuwa akikipigania wifi ni kuyang'oa masanduku yote, kazi zake zigeuzwe programu zinazokaa ndani ya kompyuta za kawaida.

Mama akauliza maana yake nini. Nilimweleza mimi, si yeye. "Mama, zamani humu ndani palikuwa na redio, palikuwa na tochi, palikuwa na saa ya mlio ya kutuamshia daku, na kile kimashine cha baba cha kupigia hesabu. Leo vyote vimo ndani ya simu moja. Redio yenyewe haipo, lakini redio unasikiliza. Ndivyo wanavyotaka kuifanya mitambo."

"Kumbe," mama akasema.

Wifi akanitazama, akasema maneno hayo atawapelekea wakubwa kama yalivyo, maana yeye anahangaika nao siku nyingi hawamwelewi.

Hoja alikuwa nazo tele. Humtegemei tena mtengenezaji mmoja akupangie bei anavyotaka. Huduma mpya huiletei sanduku kwa lori, unaipakia tu. Dizeli inapungua, viyoyozi vinapungua, vipuri havikuumizi kichwa. Mimi naitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, maana nani aliyeteswa na masanduku yale kuliko mimi? Lakini wakubwa, akasema, bado wanasuasua. Wanamwuliza, mitambo ipo, inafanya kazi, tuing'oe ina nini? Alikuwa anatafuta jambo moja la kuwashtua, na jambo hilo nikampa mimi. Nikampa habari ya mwezi.

Yeye ni mtu wa Pangani, alipaswa kuijua, ila Dar ilishamsahaulisha. Jioni ya tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani pwani nzima inashika simu kwa pamoja. Jua likizama tu kila mtu anampigia kila mtu: mmeuona? Wa Bagamoyo anampigia wa Saadani, wa Saadani anampigia mjomba wake Pangani, wa Mkange hana habari yoyote lakini anapiga vile vile. Kuna wanaofuata mwezi wa popote duniani na kuna wanaongoja uonekane hapa hapa, kwa hiyo katika nyumba moja mume anauliza huku, mke anauliza kule. Unatokea uvumi kwamba umeonekana, wanapigiana. Unakanushwa, wanapigiana kukanusha. Kisha tangazo la redioni, na hapo ndipo hasa, wanapeana mkono wa Idi na kuulizana nani kasahau kununua zabibu za pilau. Masanduku yangu siku hiyo yalikuwa yakilemewa kila mwaka. Yalinunuliwa kwa kiasi cha siku za kawaida, na kununua makubwa zaidi kwa ajili ya jioni moja ni wazimu. Watu wanapiga wanapata mlio wa kukatika, na mimi nimekaa mbele ya taa nyekundu naleta istighfari.

"Programu haina shida hiyo," nikamwambia. "Jioni ile unaiazima kompyuta za ziada, asubuhi unazirudisha kwenye kazi nyingine. Waonyeshe hao wakubwa wako jioni ya mwezi, uone kama watasuasua."

Akaninyanyukia akanibusu shavu. "We mwanamke we! Umeniokoa."

"Sasa na wewe niokoe. Kompyuta hizo zitakaa wapi?"

"Sehemu mbili," akasema. "Nyingine Dar, nyingine hapa hapa kituoni kwako."

Nikamwambia hiyo ni lazima, asifikiri ananifanyia hisani. Mkongo, ule waya wa mawasiliano wa kwenda Dar, unapita kando ya barabara, na wachimba barabara wanaukata kila wakijisikia. Kompyuta zikiwa Dar peke yake, mkongo ukikatwa mtu wa Zinga hawezi hata kumpigia jirani yake. Akasema ni hoja nzuri, ataiweka mbele kabisa. Kisha akamgeukia mama akamshika goti. "Mama, mwanao haendi popote. Kituo kipo na yeye yupo. Nakuahidi."

"Haya mwanangu," mama akasema. "Mungu akuwezeshe."

Kompyuta zikaja kweli, mbili, nyeusi, siku chache kabla ya mwezi wa kufunga. Nikazifunga mwenyewe kwenye kabati la chuma. Na kwetu kitu kipya hakianzwi hivi hivi. Mtu akihamia nyumba anasomewa, akinunua cherehani anasomewa. Nikamwomba mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu aje, mama akakaanga visheti, nikamshika mkono mpaka kituoni.

Shida ikawa ubani. Chumba kile kina kengele ya moshi; ukifukiza chetezo mle ndani, gesi ya kuzimia moto inamwagika yote na mitambo inajifunga. Mwalimu akasema dua bila ubani inajuzu. Mama hakutaka kusikia. "Nusu nusu ya nini?" Basi tukaweka chetezo nje, mimi nikashikilia mlango nusu wazi, mwalimu akasimama kizingitini, mguu mmoja kwenye baridi, mguu mmoja juani, akasoma. Moshi unakuja, mimi naupepea kwa kanga urudi nje, na huku naitikia amin. Mlinzi wa kituo alicheka mpaka akaenda kukaa chini. Mwisho mama akataka azishike. Nikamwekea kiganja juu ya kompyuta moja, ikawa inatetemeka kidogo kwa feni zake.

"Ina joto," akasema.

"Inafanya kazi, mama."

Nikampiga picha nikamtumia wifi. Akajibu, "Amin, amin, Rabbi." Sijui aliandika kwa uso gani.

Ramadhani ilipoingia tukaanza kuhamisha. Baada ya adhuhuri, watu wamelala na funga zao, nilikuwa natoa simu za sehemu moja kwenye masanduku nazipeleka kwenye programu, leo Zinga, siku nyingine Fukayosi, kisha Mkange. Kazi ilikwenda safi. Kioo cha kompyuta kilinionyesha programu inapokea, inaunganisha, inaachia. Hakikunionyesha inafanyia kazi hiyo katika chumba gani. Programu haina chumba, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Wala sikuwa na sababu ya kuuliza. Kompyuta zipo mgongoni mwangu, zinavuma.

Jambo moja tu lilinikera. Dizeli ya jenereta haikuletwa mwezi ule. Masanduku ya zamani yalikuwa na betri zake, na minara vivyo hivyo, lakini kompyuta mpya zilikuwa zinakula umeme wa ukutani tu, na betri zake nimeziomba hazijaja. Nikampigia wifi. Akasema wanabadilisha mwenye kuleta mafuta, nivumilie. "Na umeme wenyewe siku hizi haukatiki," akaongeza. Nikaona mbona kweli.

Siku ya ishirini na tisa nilifuturu kituoni. Mama alinifungia tende, kaimati na chupa ya uji wa pilipili manga. Kila simu ya ukanda wetu nilikuwa nimeshaipeleka kwenye programu, masanduku yamekaa kimya hayana kazi. Magharibi ikaingia, simu zikaanza kupanda. Zikafika pale tunapoanza kuanguka kila mwaka, zikapita. Programu ikajiongezea nguvu yenyewe, zikazidi kupanda, wala taa nyekundu sikuiona. Jamani! Nilipiga vigelegele peke yangu mle ndani. Nikamtumia wifi sauti, vigelegele vitupu, hakuna neno.

Sijakaa vizuri, umeme ukakatika.

Giza. Kiyoyozi kikanyamaza, feni za kompyuta zikashuka sauti, zikasimama. Nikakimbilia jenereta, likakohoa mara moja likafa, tangi kavu. Nikarudi napapasa ukuta. Kompyuta zote mbili hazina hata taa moja. Nikafungua kompyuta yangu ndogo ya betri. Pwani nzima, jioni ya mwezi, imekatikia mkononi mwangu! Nikajua kituo ndiyo basi tena, watasema mnaona, Bagamoyo hawawezi, fungeni. Nikamwona mama kashikiliwa bega kwenye nyumba ya watu hajui mlango uko wapi. Nikaanza kurudisha simu kwenye masanduku, huku nalia.

Mlinzi akaingia na simu sikioni, meno yote nje. "Dada! Umeandama! Mkange wameuona!"

"Unaongea na nani?"

"Mke wangu."

"Sasa hivi?"

"Huyu hapa."

Nikamnyang'anya simu. Mwanamke wa watu akanipa shikamoo na mkono wa Idi juu yake, sauti safi kabisa. Nikakata. Nikampigia shangazi yangu Zinga, ikaita. Nikapiga Fukayosi kwa mteja mmoja msumbufu ninayemjua, ikaita. Nikasogea dirishani. Watu wamejaa njiani, kila mmoja na simu yake, wanacheka, wanaombana radhi. Na mtaa mzima unawaka taa. Hoteli inawaka, duka la mkabala linawaka. Giza lilikuwa kwangu tu.

Kompyuta zimekufa na simu zinakwenda. Basi simu hazimo humu, na hazijawahi kuwamo.

Nikampigia wifi. Akapokea haraka, na nyuma yake nikasikia watu wanapiga makofi.

"Umeme umekatika," nikamwambia.

"Najua. Tunaona huku."

"Simu zinakwenda."

"Zinakwenda wifi, hata moja haikudondoka! Hujui ulichokifanya leo."

"Zinapitia wapi?"

"Ngoja nitoke hapa kwenye kelele," akasema.

"Nakuuliza, zinapitia wapi?"

"Dar," akasema. "Tangu mwanzo zinapitia Dar. Wakubwa walitaka waone kwa macho yao kituo kimezimwa na mtandao umesimama, tena jioni ya mwezi. Swichi ya umeme wa kituo tunayo huku."

"Umenizimia wewe?"

"Wifi, ungejua usingehamisha kwa moyo mmoja. Tutaongea sikukuu."

"Nimezisomea dua!" nikapiga kelele. "Mama yangu kaja kuzishika kwa mkono wake, kipofu wa Mungu, nawe ukaitikia amin! Mlituletea makopo?"

Akasema zilikuwa kompyuta kweli, ila hazikupewa kazi. Hapo nikamtukana. Nilimtukana tusi ambalo sikujua kama nalijua, na uji wa futari bado uko mezani. Mlinzi akatoka nje kwa adabu. Mimi nikakaa sakafuni nikalia, watu huko nje wanashangilia Idi.

Ungedhani baada ya hapo hatakanyaga kwetu. Thubutu! Sikukuu walikuja kama kawaida yao, kaka na kanzu yake, yeye na sinia la mikate ya sinia kichwani. Akaninyooshea mkono nikauacha hewani. Kaka akatazama pembeni, nikaelewa naye anajua. Baada ya kula wifi akaanza mwenyewe.

"Nimekutafutia nafasi Dar," akasema. "Cheo kikubwa, kusimamia programu zile zile. Hakuna anayezijua kama wewe. Sikukutupa, wifi."

"Uliahidi nini mbele ya mama?"

"Niliahidi kabla sijafanya hesabu. Kompyuta zikikaa sehemu mbili faida yote inaliwa na jengo, mafuta, ulinzi, kila kitu kinarudi kule kule. Wakubwa wasingepitisha. Na hoja isingepita, masanduku yangezeeka mpaka wafunge vituo vyote, wasimpe mtu hata nafasi moja."

Mnaona? Hata hapo alikuwa na hoja. Ningekuwa na jiwe ningemrushia.

"Na mama?" nikauliza.

Kaka ndiye aliyejibu. "Mama anakuja kwetu. Chumba tayari, nimeshaweka vishikio ukutani, choo mlango wa pili."

"Mmeshaweka! Mmemwuliza nani? Mama humtoi kwenye nyumba hii, mnataka kumuua? Mimi nimekaa hapa miaka yote hii kwa nini?" Nikamgeukia. "Mama, waambie."

Mama alikuwa akikunja ncha ya ushungi wake, anaikunja, anaikunjua. Hakuonekana mtu aliyeshtuka.

"Najua, mwanangu," akasema. "Aliniambia tangu kumi la kwanza la Ramadhani."

Sikumwelewa. Nikamwuliza kamwambia nini.

"Habari ya kituo. Kila akinipigia tukiizungumza. Akaniomba nisikwambie mpaka kazi yao iishe, nami nikaona ni ya watu, nisiiharibu."

Mwezi mzima! Mwezi mzima tunakula daku sahani moja, namsimulia leo nimehamisha Zinga, leo nimehamisha Fukayosi, naye ananiambia Mungu akuongoze. Kaimati zile kazifunga kwa mkono wake akijua. Nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele ya watu.

"Mama, nimekataa Dar kwa ajili yako. Nimekataa Dodoma."

"Nani alikwambia ukatae?" Hakusema kwa ukali. Alisema taratibu, kichwa kimeelekea mlangoni kwenye mwanga. "Nilikuomba lini? Kila ulipokataa ulikuja kunipa habari umeshakataa. Mimi nashinda humu peke yangu toka asubuhi mpaka magharibi, nasikiliza kuku wa jirani. Wewe ukirudi umechoka, unanipa chakula, unalala. Anayenisemesha ni huyu."

Wifi alikuwa analia, na mimi hata machozi yake niliyaonea gere.

Hoja ikapita, kama ilivyostahili. Masanduku yakaja kuchukuliwa na lori, na kituo kikafungwa kufuli. Cheo cha Dar sikukichukua. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa kitu pekee kilichobaki ambacho hakuna aliyenipangia. Siku hizi natengeneza simu za watu kwenye chumba cha mbele. Mkongo umeshakatwa na wachimba barabara, Zinga wakakaa bubu kutwa, nikacheka peke yangu, kisha nikajionea aibu kwa kucheka.

Mama aliondoka kabla ya hayo yote, alipomaliza funga zake sita za Shawali. Gari la kaka lilisimama mlangoni, mizigo imeshapakiwa, wifi yuko garini. Mimi sikusaidia kufunga hata kikapu. Mama akatoka chumbani amevaa buibui lake jipya, akapita sebuleni bila kugusa kitu, akafika barazani akasimama. Pale kuna ngazi, na chini yake dunia ambayo haijui. Akanyoosha mkono. Nikasahau hasira yangu yote, nikamkimbilia nikaushika.

Akakibonyeza kiganja changu, akanipapasa vidole.

"Ni wewe," akasema. "Wifi yako yuko wapi?"

Nikauachia mkono, nikaenda kumwita.